Amplifaya ya Tundu Moja

Mpiga gitaa akimaliza wimbo, watu humuuliza jina lake. Mpiga ngoma huombwa aonyeshe viganja. Mwimbaji hupigwa picha na watu asiowajua. Mpiga besi huombwa asogee kidogo ili mwimbaji aonekane vizuri kwenye picha. Mimi nimeombwa hivyo mara nyingi mno, siku hizi nasogea kabla ya kuambiwa. Nayasema haya mapema ili ujue nilikuwa mtu wa namna gani siku nilipokwenda dukani kuchagua amplifaya, mashine ya kukuza sauti. Wapo walionipa pole kwa yaliyotokea baadaye wakisema ni bahati mbaya tu. Haikuwa bahati mbaya, nilichagua mwenyewe, na akili zangu timamu.

Mwimbaji wetu ni dada yangu. Nikisema "wetu" usifikirie bendi, tuko wawili tu. Amenizidi miaka tisa. Mama alipofariki ndiye aliyenilea, akanisomesha, akanichapa kila nilipostahili na mara mbili nisipostahili, ambazo hadi leo namdai aniombe radhi. Asubuhi anapiga pasi kwa dobi mmoja, mimi napaka rangi nyumba za watu. Saa kumi alasiri tunakutana mbele ya stesheni, upande wenye kivuli, wakati treni za wafanyakazi zinapoanza kumwaga watu, na tunapiga mpaka jua linapozama. Jirani yetu pale ni fundi viatu, mzee mwenye maneno mengi, anayeshikilia kwamba wateja wake ndio wasikilizaji wetu kwa sababu mtu aliyevuliwa viatu hawezi kuondoka.

Tangu tuanze tulikuwa na utaratibu mmoja: nyimbo zake, vyombo vyangu. Akisema leo tunaanza na wimbo fulani, siulizi kwa nini, hata kama nauchukia. Nikisema waya huu umekufa, haulizi nimejuaje. Kwa miaka kumi na mitano utaratibu huo ulituepusha na ugomvi, na nadhani kwake ulikuwa pia namna ya kuniambia kwamba nimekuwa mtu mzima.

Vyombo vyenyewe vilikuwa gitaa langu la besi, maiki yake, na spika moja kubwa ya zamani tuliyoisukuma kwa toroli pamoja na betri ya gari. Besi na maiki vyote viliingia humo. Ilikuwa mzigo wa punda, lakini ilifanya kazi. Mwaka jana betri ilivimba, na wiki iliyofuata spika yenyewe ikatoa moshi katikati ya wimbo. Fundi viatu akaimwagia maji yake ya kuloweka ngozi na huo ukawa mwisho wa spika. Dada akaniambia tulichojiwekea kinatosha kununua kitu cha kisasa, chenye betri ndani, kisicho na toroli.

"Chukua utakayoona inafaa," alisema. "Ila iwe na pa kuchomeka maiki."

Ndiyo maneno yote aliyosema. Hakurudia, kwa kuwa alikuwa anaongea na mtu wa vyombo.

Duka la vyombo vya muziki liko ghorofa ya chini ya jengo lenye ofisi nyingi. Muuzaji ni bwana mmoja mnene, miwani yake huikalisha juu ya kipara kisha anaitafuta kwenye droo. Nilimweleza ninachotaka: kitu cha kupigia besi nje, kinachobebeka, chenye betri. Akaniwekea mbili mezani. Bei zake zilikaribiana sana, kwa hiyo bei siwezi kuisingizia.

"Hii ndogo ina tundu mbili," alisema. "Moja ya besi, moja ya maiki, na kila moja ina kitufe chake cha sauti. Betri inakwenda saa sita. Unaivaa begani unaondoka. Kwa sauti za chini haina ubavu sana, lakini kwa barabarani inatosha."

"Na hii?"

"Hii ni ya besi tupu. Tundu moja. Betri saa tatu, nne ukiibembeleza. Nzito kidogo. Lakini isikie kwanza."

Nilianza na ile ndogo. Ilikuwa safi, ya adabu, kila noti mahali pake. Ningeweza kupiga nayo maisha yangu yote bila kumkera mtu. Kisha nikachomeka waya kwenye ile kubwa na kupiga uzi mnene, ukiwa wazi, bila kubana kidole popote. Sauti iliingilia miguuni, ikapanda hadi tumboni. Vioo vya kabati la filimbi vilitetemeka. Kijana aliyekuwa anachagua nyuzi za gitaa aligeuka, akaniangalia mimi, si besi, mimi mwenyewe, akatikisa kichwa kwa kukubali. Nilipiga tena. Nilipiga wimbo mzima, macho nimefumba, na nilipoyafumbua walikuwa wamesimama watu watatu.

Najua ni upuuzi. Mtu mwenye miaka thelathini na minane, mwenye mke na watoto wawili, kufurahia kuangaliwa na watu watatu dukani. Lakini kuna mama mmoja pale stesheni ambaye miaka yote akiweka chochote kwenye boksi letu la hela husema, "Hii ni ya dada." Na kuna mtoto aliwahi kumuuliza baba yake mbele yangu, "Na huyu mjomba yeye anafanya nini?" Dada alicheka mpaka akakaa chini. Mimi pia nilicheka. Usiku ule sikupata usingizi.

"Mna mwimbaji?" muuzaji aliniuliza.

"Yupo."

"Basi ichukue ndogo. Maiki ukiilazimisha kwenye hii kubwa, mtu anasikika kana kwamba yuko ndani ya pipa."

"Dada yangu hapendi maiki," nikasema. "Ana sauti ya kutosha."

Hakubisha. Kwake ilikuwa biashara tu. Alinifungia ile kubwa kwenye boksi lake, nami nikaibeba hadi nyumbani kwa dada, bega linaniuma, moyo unaimba. Alikuwa anakunja nguo. Akalizunguka boksi, akalifungua, akaiangalia nyuma kwenye yale matundu, akaliona moja.

"Maiki inaingia wapi?"

"Zenye tundu mbili zimekwisha," nilisema. "Zilizobaki ni hizi."

"Zitakuja lini?"

"Wenyewe hawajui."

Alilifunga boksi tena. Nilikuwa tayari na maneno mengine, nimeyapanga njiani, kuhusu mizigo iliyokwama na maduka mengine niliyozunguka. Sikuhitaji kuyatumia.

"Basi nitapaza," akasema, na kurudi kwenye nguo zake.

Niongee kidogo kuhusu besi, maana hapa ndipo kosa langu lilipokomaa. Besi ikipigwa nje, pasipo ukuta, aliyesimama karibu nayo haisikii yote. Inapita miguuni pake na kwenda kujikusanya mbele huko. Ndiyo maana mpiga besi wa barabarani, kabla ya kuanza, hutembea hatua ishirini hadi pale wasikilizaji wanaposimama huku mwenzake akimpigia noti mbili tatu, anasikiliza, kisha anarudi na kupunguza. Kazi hiyo ilikuwa yangu na niliifanya kila alasiri kwa miaka kumi na mitano. Kwa amplifaya mpya sikuifanya hata siku moja. Nilijua nitasikia nini nikifika hatua ya ishirini.

Siku ya kwanza watu walisimama wengi kuliko kawaida. Wanaume wawili walikuja kuniuliza besi yangu ni ya aina gani. Nikawaeleza kwa kirefu. Dada alikuwa pembeni anakunywa maji, chupa nzima, na wimbo wa tatu ulikuwa haujaanza.

Wiki ya pili fundi viatu alinivuta shati.

"Mwenzako siku hizi namwona mdomo tu."

"Masikio yako yamezeeka."

"Masikio yangu mazima. Nasikia hadi soli inayotaka kuachia. Yeye ndiye simsikii."

Nikamwambia ashone viatu. Nilimwambia kwa sauti ya mzaha, lakini nilikasirika kweli, kama anavyokasirika mtu aliyekamatwa.

Dada mwenyewe aliniomba nipunguze mara mbili tu. Nilipunguza zote mbili. Na zote mbili, wimbo wa tatu ulipofika, mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye kile kitufe. Nasema wenyewe, lakini mkono hauna akili, mwenye akili nilikuwa mimi. Ile amplifaya ukiipunguza inapoteza utamu wake. Yeye hakuomba mara ya tatu. Alianza kusogea mbele, karibu na watu, akiniacha nyuma yake hatua nne, tano. Nilikuwa naiona shingo yake kwa nyuma, ile mishipa ikisimama. Kwa dobi, ambako miaka yote alikuwa anaimba huku anapiga pasi hadi wateja wakawa wanachelewa kuondoka, akaacha kuimba. Alisema anaitunza sauti kwa ajili ya jioni. Mke wangu aliniuliza mbona wifi yake anakohoa vile. Nikasema ni vumbi la stesheni.

Nilijua. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo, na silisemi ili unihurumie. Sikuwa mjinga aliyepotoka bila kujua. Kila alasiri nilijua, na kila alasiri nilijipa siku moja zaidi.

Ilikwenda miezi minne. Tuna wimbo tunaofunga nao siku zote, wa kwake mwenyewe, alioutunga mimi nikiwa bado nasoma. Karibu na mwisho kuna mahali sauti yake inapanda, inapanda tena, na kukaa huko juu kwa mapigo manne kabla ya kushuka. Watu wa stesheni wanapajua mahali hapo. Wengine huacha treni moja ipite kwa ajili yake. Siku hiyo alipanda, na kule juu hakukutoka kitu. Ulitoka upepo tu. Alijaribu tena, upepo. Akaweka mkono kooni na kuwageuzia watu mgongo.

Mimi niliendelea kupiga. Niliurudia mzunguko wa wimbo mara mbili nzima, macho nimefumba, kwa sababu sikuwa nikimsikia hata alipokuwa anaimba, sasa ningejuaje kwamba amenyamaza? Fundi viatu ndiye aliyenisimamisha. Aligonga nyundo kwenye chuma chake, kwa nguvu, na nilipofumbua macho dada alikuwa ananiangalia na machozi yanamtoka.

Hospitali walimpitishia puani waya mwembamba wenye taa, na daktari akatuonyesha kwenye kioo kile alichokiona: nyuzi mbili nyeupe za sauti, na kwenye kila moja kijinundu.

"Anafanya kazi ya kupiga kelele?" daktari aliniuliza.

"Anaimba," nilisema.

"Ndani au nje?"

"Nje."

"Kwa maiki?"

Nilifungua mdomo. Dada akanitangulia, kwa ile sauti yake iliyobaki, ya kukwaruza.

"Zilikuwa zimekwisha madukani, daktari. Mdogo wangu alizitafuta sana."

Sikuwahi kumwambia kwamba nilizitafuta sana. Hilo aliliongeza mwenyewe, ili nisionekane mzembe mbele ya mtu mwenye koti jeupe. Nilitazama sakafu. Nilihesabu vigae, nikavikosea, nikavihesabu upya.

Daktari aliamuru wiki sita za kimya. Asiongee, asinong'one, asikohoe kama anaweza kujizuia. Baada ya hapo sauti itarudi, alisema, lakini kwamba itarudi yote hawezi kuahidi.

Ukitaka kujua nyumba ya dada yangu ilikuwaje wiki hizo, fikiria redio iliyochomolewa ukutani. Alijining'inizia daftari dogo shingoni, penseli imefungwa kwa uzi. Aliandika maneno machache machache. "Chumvi." "Funga mlango." "Watoto hawajambo?" Akikasirika aliandika kwa herufi kubwa na kuivunja ncha ya penseli. Nilikwenda kwake kila siku baada ya kazi. Nilimpakia rangi chumba ambacho hakikuhitaji rangi. Nilimrekebishia bomba. Aliandika, "Umekuwa mwema ghafla. Umeua mtu?" na kutikisika kwa kicheko bila sauti. Mimi nikatoka nje nikisingizia kwamba naosha brashi.

Nilikuwa na kisingizio changu, tena kizuri. Nilijiambia kwamba kukiri kosa kwa mtu wakati haruhusiwi kukujibu ni uonevu. Subiri apone, nilijiambia, ili aweze kukutukana inavyostahili. Ukweli ni kwamba kimya chake kilinifaa.

Wiki ya sita aliandika, "Kesho tunakwenda dukani. Labda zimefika."

"Nitakwenda mwenyewe," nikasema haraka. "Wewe pumzika."

Akaandika, "Naja." Akapigia mstari.

Kwa miaka kumi na mitano hakuwahi kuingia duka la vyombo. Njia nzima nilitembea nikipanga maneno. Yule muuzaji ataniona, atasema karibu tena, atauliza ile kubwa inaendeleaje, na atamgeukia dada na kusema, kumbe huyu ndiye asiyependa maiki. Nilimwomba Mungu duka liwe limefungwa. Nilimwomba liwe limeungua, kisha nikaona aibu nikalifuta ombi hilo.

Lilikuwa wazi. Muuzaji alikuwepo, miwani juu ya kipara. Alinitazama moja kwa moja usoni na kutabasamu.

"Karibuni. Ni mara yenu ya kwanza kufika hapa?"

Hakunikumbuka. Nilimtikisia vioo vya kabati lake, nikasimamisha wateja watatu, na miezi sita baadaye sura yangu haimwambii kitu. Mpiga besi. Nilisikia nafuu, na papo hapo nikaichukia ile nafuu. Nilikuwa nimeokoka. Hakuna mtu mwingine duniani aliyejua. Ningeweza kulibeba jambo hili hadi kaburini na dada angeendelea kuwaambia watu jinsi mdogo wake alivyozunguka maduka.

"Tunataka ya besi na maiki pamoja," nilisema.

"Ipo," akasema, na kuileta ileile ndogo, na kuiweka kwenye meza ileile. "Aijaribu dada mwenyewe."

Dada aligusa koo, akamwonyesha daftari: "Siruhusiwi kuongea." Muuzaji akampa pole na kunikabidhi maiki mimi.

"Moja, mbili," nilisema. "Moja, mbili, tatu."

Dada alitikisa kichwa. Akaandika na kuniinulia daftari: "Kwa namba sijui inavyotoa sauti. Ongea kama mtu."

Niliishika maiki. Sijawahi kuwa mtu wa maiki, ilikuwa nyepesi kuliko nilivyodhani. Niliangalia nyuma ya ile amplifaya, matundu yake mawili, moja likiwa tupu. Dada alikuwa amesimama na penseli mkononi, kichwa amekiinamisha upande, anasikiliza kwa makini kama anavyosikiliza siku zote kitu chochote kinachotoka kwangu.

"Dada," nilisema, na sauti yangu ikatoka mezani, safi, ya adabu. "Siku ile zilikuwepo. Hii hapa ilikuwepo, juu ya meza hii. Nilichukua ile nyingine kwa sababu nilitaka nisikike. Nilikudanganya."

Muuzaji alishusha miwani machoni. Mteja mmoja aliyekuwa anapuliza filimbi aliacha kupuliza. Dada aliishusha penseli. Alinitazama kwa muda ambao siwezi kuupima, na uso wake sikuusoma, mimi niliyeusoma tangu nikiwa na miaka saba. Kisha akainama, akashika kitufe cha maiki, akaongeza sauti. Akanionyesha kidole kimoja akikizungusha hewani: tena.

"Zilikuwepo," nilisema. "Nilikudanganya."

Akaelekea mlangoni. Nilidhani anaondoka zake, na ningemwelewa. Alitoka nje, akavuka baraza, na kutembea kwenye njia ya waendao kwa miguu hatua kwa hatua, akizihesabu kwa kutikisa kichwa. Zilipofika ishirini akageuka. Watu walikuwa wanampita kushoto na kulia. Akainua mkono.

Nikasema mara ya tatu, na safari hii mtaa mzima ulisikia. Mtu mmoja aliyebeba mkoba alisimama, akachungulia dukani kumwona mwongo mwenyewe. Dada alisikiliza hadi neno la mwisho, kisha akarudi na kuandika mbele ya muuzaji.

"Inafika vizuri. Tunaichukua."

Nilitaka kuibeba, akaninyang'anya mkanda na kuivaa begani mwenyewe. Tulitembea bila neno, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kunyamaza nilielewa tofauti ya kukatazwa kuongea na kutotaka kuongea. Nilitamani aniseme. Nilitamani anichape, na safari hii nilistahili. Tulipofika kwenye kona ya kwake alisimama, akaegemeza daftari ukutani na kuandika kwa muda mrefu, herufi ndogo ndogo, bila kuivunja ncha. Akachana karatasi na kunipa, akaingia ndani.

Iliandikwa: "Ungeniambia tu kwamba unaitaka ile kubwa. Ningesema chukua, maiki tutatafuta baadaye. Miaka yote hiyo nilikuwa nashangaa mbona hujawahi kuomba kitu."

Karatasi hiyo iko ndani ya kasha la besi, chini ya nyuzi za akiba. Siisomi, lakini najua iko wapi kila ninapofungua.

Ile kubwa nilimpa kijana mmoja anayepiga na kwaya, ambako kuna kuta na watu arobaini wa kushindana nayo. Sisi tukarudi stesheni na ile ndogo. Fundi viatu alipiga makofi kabla hatujachomeka waya hata mmoja. Dada aliiweka upande wake, vitufe vikimwelekea yeye, na hadi leo huko ndiko vinakoelekea. Nikitaka kuongeza sauti inabidi nimwombe. Sijawahi kumwomba, ingawa mara nyingine huniongezea mwenyewe bila kuniambia.

Sauti ilirudi. Imeshuka kidogo, ina mchanga ndani yake ambao haukuwepo, na wapo wanaosema ni nzuri kuliko ya zamani. Ile ya juu haikurudi. Daktari ameangalia mara tatu na kusema koo limepona, ila huko juu asilazimishe tena.

Siku ya kwanza tulipoufikia wimbo wa mwisho nilijua mahali pale panakuja. Aliimba hadi ukingoni, akapanda mara moja, akafunga mdomo. Mimi nikasimamisha mkono. Alinigeukia hapo hapo, akauondoa mdomo kwenye maiki na kuniambia kwa sauti ya kawaida, bila hasira, "Hapo usisimame. Piga."

Kwa hiyo napiga. Kila alasiri, treni za wafanyakazi zikimwaga watu, yeye hufika pale na kunyamaza, na kwa mapigo manne haisikiki sauti nyingine yoyote mbele ya stesheni isipokuwa besi yangu. Watu wanadhani ndivyo wimbo ulivyotungwa. Juzi yule mama wa miaka yote aliinama kwenye boksi, akaninyooshea mkono mimi na kusema, "Hii ni yako, kwa pale unapopiga peke yako." Nikamshukuru. Dada alikuwa ameshaanza wimbo mwingine.